Shilingi milioni 150 za Desemba 1965

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, siasa yetu ya nje ya miaka ya mwanzo ya uhuru iliwabana kweli wakoloni?", limenigusa pabaya. Jibu la haraka ni ndiyo: Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, wapiganaji wakapewa kambi za Kongwa na Nachingwea. Hayo yanajulikana. Linalonikera ni jingine, ambalo hamkuliuliza: nchi changa ikimwambia mkubwa "basi", bili inalipwa na nani?

Tuangalie Desemba 1965. Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba. Kisheria Rhodesia ilikuwa bado koloni la Uingereza, na Waziri Mkuu Harold Wilson alikwishasema hatatumia nguvu. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa OAU wakakutana Addis Ababa na kuweka siku: Uingereza isipouzima uasi huo ifikapo tarehe 15, wanachama wote wavunje nayo uhusiano wa kibalozi. Wanachama walikuwa 36. Tarehe 14 Mwalimu akalieleza Bunge kwa nini Tanzania itashika neno lake, na kesho yake ikalishika. Waliolishika walikuwa tisa tu: sisi, Ghana, Guinea, Mali, Misri, Algeria, Sudan, Mauritania na Kongo-Brazzaville. Kenya na Uganda hawamo.

Wengi hudhani kuvunja uhusiano ni kukata kila kitu. Sivyo. Balozi na maofisa wake huondoka, kisha nchi ya tatu huombwa kuangalia maslahi yaliyobaki. Kwa Waingereza waliokuwa kwetu, kazi hiyo ilifanywa na Canada. Biashara haikufungwa. Wataalamu wa Kiingereza waliokuwa tayari kazini hawakufukuzwa. Hata Jumuiya ya Madola hatukutoka, kwa kuwa Mwalimu alishikilia kwamba Jumuiya si mali ya Uingereza.

Kilichokatika ni fedha. Kulikuwa na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokwisha kujadiliwa; London ikauzuia. Kwa kiwango cha wakati ule, shilingi 20 kwa pauni, hiyo ni shilingi milioni 150. Tena shilingi yenyewe haikuwa yetu, ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, imefungwa kwenye pauni. Benki Kuu yetu ilifungua milango Juni 1966. Na Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, ulikuwa umetegemea nje kwa zaidi ya robo tatu ya fedha za maendeleo za serikali kuu. Waliovunja uhusiano walijua hesabu hizo. Walijua pia kwamba Januari 1964 serikali hiyo hiyo ililazimika kuwaita makomando wa Kiingereza kutuliza maasi ya askari wetu wa kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Desemba 1965 hata miaka miwili haikutimia. Uamuzi ule ulitaka moyo mkubwa, na ninauheshimu sana.

Lakini kadiri ninavyoandika, ile "ndiyo" yangu inalegea. Wilson hakuyumba. Ghana, baada ya Nkrumah kupinduliwa Februari 1966, ikarudisha uhusiano. Sisi wenyewe tuliurudisha Julai 1968, Smith akiwa bado madarakani Salisbury, Harare ya leo. Nilitaka pia kuilaumu Zambia kwa kutovunja, lakini siwezi: mitambo ya umeme ya bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi mpakani, ilikuwa ukingo wa kusini, upande wa Smith, reli ya kutolea shaba ilipita kwake, na makaa ya kuyeyushia shaba hiyo yalitoka machimbo ya Wankie, kwake vilevile. Rais Kaunda wa Zambia angevunja kwa kutumia nini?

Basi kwa swali lenu jinsi lilivyoulizwa, na kwa tukio hilo moja, niandikieni "hapana". Naongeza tahadhari mbili. Kwanza, Novemba 1967 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni, Tanzania haikufuata. Pauni ikawa shilingi 17 na senti kidogo. Mkopo uliozuiwa haukurudi kwa hilo, na sisemi kwamba Desemba 1965 ndiyo iliyolileta. Ila safari hii shilingi ilikuwa yetu, na uamuzi ulifanywa hapa.

Pili, kuna mlango uliombana Smith kweli: mpaka wa Msumbiji, uliofungwa tarehe 3 Machi 1976, akakosa bandari za Beira na Maputo. Aliyeufunga ni Rais Samora Machel wa Msumbiji, aliyewahi kuongoza mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, hapa hapa kwetu, Nachingwea.

Msomaji wenu