Dada wa Mtanda, usipande hilo ua la bluu kwenye pagola

Acha kwanza. Kama huo mche bado uko kwenye kiriba, uache hapo hapo.

Nimeusoma uzi wako humu jukwaani mara mbili nihakikishe sijakuelewa vibaya. Una pagola ya mbao, yaani nguzo na mbao za juu bila paa, mbele ya nyumba, Lindi mjini, unataka ua linalotambaa liifunike kabla ya harusi ya mdogo wako Desemba, na muuza miche amekupa lile la maua ya bluu, tena akakuongezea bure kijiti cha kupandikiza, kwa sababu "linakwenda haraka". Ukauliza pia umbali wa kupanda, mbolea, rangi itakayoendana na ukuta wa krimu, na kama nyoka watahamia. Nilipofika hapo kwenye "linakwenda haraka" damu ikanichemka. Maneno hayo hayo ndiyo niliyouziwa mimi hapa Mtwara, na nadhani hawa wauza miche wanapeana.

Mmea huo kitaalamu unaitwa Thunbergia grandiflora, asili yake India na nchi za jirani. Unakwenda haraka, sikatai. Ua lake ni zuri, sikatai pia. Muuzaji wangu hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alinieleza ukweli wa msimu wa kwanza, yaliyobaki akayameza. Ukimuuliza litakuwaje baada ya miaka mitatu anakuchekea, "litazidi kupendeza, bosi". Kupendeza gani!

Nilipanda mvua za mwanzo. Mvua zilipokwisha, pagola haionekani. Wageni wakija wanapigia picha pale, na mimi nimekaa chini yake na kahawa yangu najiona nimemaliza maisha. Mama watoto aliniambia mapema kwamba hilo linataka kukatwa. Nikamjibu liache lishone vizuri. Sasa hivi neno "kushona" halitajwi nyumbani kwangu, hata kwa fundi cherehani.

Kiangazi kikaingia, kusi likavuma, majani yakasinyaa nikadhani litapumzika. Kumbe chini linaweka akiba kwenye mizizi yake iliyovimba kama viazi. Mvua za pili zilipoanza liliondoka kwenye pagola likapanda kwenye paa. Elewa jinsi linavyopanda: halina miiba ya kujishikiza wala vikono vya kujikunja vyembamba, ni shina zima linajizungusha kwenye chochote linachokutana nacho, halafu shina hilo hilo linanenepa na kuwa gumu. Lilipenya kati ya gata na ubao wa ukingo wa paa likiwa jembamba, kidole kinapita. Kuja kulitazama baadaye gata limebanduka na misumari iko nje. Kutoka hapo likashuka na bomba la kupeleka maji ya mvua kwenye tanki, likalizunguka lote, na kila kifundo kilichogusa mchanga kikatoa mizizi. Nikawa na mmea mmoja wenye miguu mingi, na bado nawaambia wageni "hiki ni kivuli cha asili".

Pagola yenyewe sasa. Fundi aliniwekea mbao za mbili kwa mbili juu, na nguzo akazichimbia kwenye mchanga mtupu bila zege. Nilimuuliza, akasema "mzee, hii inabeba maua tu, siyo bati". Maua tu! Majani mabichi yamelala tabaka juu ya tabaka, chini yake kumejaa makavu ya mwaka jana yanayonyonya maji, mvua ikinyesha usiku kucha uzito wake ni wa kutisha. Na upepo ukija hauna pa kupita. Pagola tupu upepo unapita katikati ya mbao. Iliyoshonwa na majani ni tanga la jahazi, ila hakuna nahodha wa kulishusha.

Ikaja Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Sisi wa huku kusini hatuna haja ya kusimuliana, wenzetu wa Kilwa ndio walioona kazi. Usiku ule nikasikia mlio wa mbao zinakatika, mmoja, kimya, halafu yote kwa pamoja. Kulipokucha pagola imelala kifudifudi juu ya viti. Ilipokuwa inaanguka haikuanguka peke yake, maana lile shina lilikuwa limeshika kila kitu: gata la upande mzima likavutwa chini, bomba likang'oka kwenye tanki na kuondoka na koki yake, maji yote ya akiba yakamwagika yakachimba mchanga chini ya baraza. Mvua inanyesha na mimi sina maji ndani. Jaribu kuwaeleza watu hilo bila kuchekwa.

Kwa muda mrefu nilimsingizia Hidaya. Kila aliyepita nikamwambia "kimbunga, ndugu yangu, kazi ya Mungu". Tatizo ni jirani yangu ana banda la makuti, nguzo za mikoko, limeinama tangu namfahamu, na lile halikupoteza hata kuti la maana. Watu wanaangalia kwangu, wanaangalia kwake, wananyamaza kwa adabu. Ukijumlisha gata, bomba, koki, viti na kufukia chini ya baraza, nilipita laki saba kabla sijanunua msumari wa pagola mpya. Mche wenyewe niliuziwa elfu tatu.

Ukadhani yameishia hapo. Nikalikata usawa wa ardhi, nikafurahi. Likachipua. Nikalikata tena, likachipua pembeni kwa hasira. Ndipo nikachimba, nikakutana na viazi vyenyewe: vimepita chini ya sakafu ya baraza, saruji imepata ufa wa kuingiza sarafu, na kimoja kilitolewa kwa toroli. Kipande ukikiacha mchangani kinaanza upya. Matawi niliyoyatupa kona ya uwanja yakashika yenyewe, bila kumwagiwa hata kopo la maji, mimi ambaye mchicha unanifia. Huko Queensland, Australia, mmea huu umekuwa gugu la kupigwa vita, unapanda miti ya kando ya mito unaifunika. Hayo niliyasoma baada ya hasara. Kabla yake nilikuwa naangalia video za bustani za Ulaya, ambako baridi inakata mimea ya namna hii kila mwaka. Sisi huku nani atatukatia?

Kwa hiyo dada, sheria yangu ni moja tu na nitairudia mpaka modi, msimamizi wa jukwaa, anifungie: usipande ua la kutambaa ambalo hujaliona likiwa zee. Mche kwenye kiriba haukwambii kitu, hata ukiwa na ua moja kichwani. Muulize muuzaji, "nyumba gani hapa mjini ina hili la miaka mitano?" Akikutajia, nenda, piga hodi, angalia shina lina unene gani, limeshika nini, gata lao liko wapi. Muulize mwenye nyumba analikata mara ngapi. Muuzaji akikosa nyumba ya kukutajia, ujue wewe ndiye unayetaka kufanywa hiyo nyumba.

Na yule ndugu aliyechangia hapo juu kwamba weka ile ya vishada vidogo vya pinki, Antigonon, "haina shida": nayo ina viazi chini ya ardhi. Kaone zee lake kwanza.

Mimi nilipojenga tena niliweka bogenvilia. Kuna moja kongwe Shangani, hapa hapa Mtwara, inatazama bahari, nilikwenda kuitazama kama mtu anayeposa. Inavumilia jua na chumvi, kiangazi chetu ndiyo wakati wake wa kuchanua, na ukiizidishia maji inakupa majani badala ya maua. Haijizungushi, inaegemea tu kwa miiba, kwa hiyo kamba unafunga wewe na wewe ndiye unayeamua iende wapi. Ukiichoka unakata. Ubaya wake ni hiyo miiba: usiipande upande wa kukaa watoto, acha kama hatua moja kutoka kwenye nguzo.

Ukitaka cha kula, pasheni, lakini ya njano. Ya zambarau ni ya nyanda za juu, joto letu haliipendi. Ya njano panda miche miwili au mitatu iliyotoka kwenye mbegu tofauti, maana haishiki tunda kwa chavua yake yenyewe. Wale nyuki weusi wakubwa ndio wanaoihudumia, usiwafukuze, ingawa ndio hao hao wanaotoboa mbao za pagola. Pasheni inachoka baada ya miaka michache, inang'oka bila ugomvi, na zee lake ukiliona halikutishi.

Desemba? Hakuna mmea wa heshima utakaokufunikia pagola mpaka Desemba. Tandaza makuti juu, funga maua ya kukata siku ya harusi, wageni watakula pilau wala hakuna atakayeuliza jina la mmea. Ukilazimisha kijani, panda madodoki mvua zikianza; hayatawahi harusi, ila msimu ukiisha yanakufa yenyewe na hayamdai mtu. Na kabla ya yote hayo shika nguzo ya pagola yako uitikise kwa mikono miwili. Ikicheza, muite fundi aweke zege, asikwambie habari za "maua tu".

Nyoka: kata matawi ya chini, zoa majani makavu. Panya wakikosa pa kulala, nyoka naye hana cha kufuata.

Na kile kijiti cha bure, usikitupe kona ya uwanja wala usimpe jirani kwa wema. Kianike juu ya bati mpaka kivunjike kwa mkono, halafu ukichome.