Pikapu yangu ilivyokuwa imechuchumaa nyuma, na nilivyoinyanyua mara tatu

Walionishtua ni madereva waliokuwa wakija mbele yangu usiku. Wananiwashia taa, nami taa zangu nimeshazishusha. Nikadhani taa zimelegea, nikazishusha zaidi kwa bisibisi. Wiki chache baadaye nilipakia saruji, na kwenye kila tuta nikasikia mgongo wa gari ukigonga chuma kwa chuma. Hapo ndipo nilipoegesha, nikarudi nyuma hatua kumi na kuitazama kwa ubavu. Pua ilikuwa imeangalia juu na bodi la nyuma limekaa chini, tena bila mzigo.

Kama una pikapu ya siku nyingi yenye springi za pleti nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hili litakukuta au limeshakukuta. Mimi nililitatua mara tatu, na mara mbili za kwanza nilikosea kwa sababu nilikimbilia kunyanyua gari kabla ya kujua kilichoishusha.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, pima. Egesha mahali palipo sawa kabisa, jaza upepo sawa kwenye matairi yote, toa mzigo. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, kisha andika. Kipimo hicho hakidanganywi na tairi lililokwisha, kwa sababu kinaanzia katikati ya gurudumu. Pande zote mbili zikiwa zimeshuka sawa, huenda ni uchovu wa chuma. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kwa sentimita mbili au tatu, usiseme springi imechoka. Tafuta pleti iliyovunjika.

Na kuvunjika hakuonekani kirahisi. Pleti hukaa zimebanana, na mara nyingi huvunjika karibu na pale zinapobanwa kwenye ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), ambapo matope yamejaa. Piga brashi ya waya, osha, kausha, kisha tazama pembeni kwa tochi. Ufa wa zamani huonekana kama mstari wa kutu unaokatisha unene wa pleti. Tazama pia shakeli, yale mapande mawili ya chuma yanayoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chasisi. Springi ikibonyea hurefuka, na shakeli ndiyo inayoipa nafasi ya kwenda nyuma. Kwenye gari iliyolala utaikuta imesukumwa nyuma mno hata ikiwa tupu. Bushi zake, vile vibomba vidogo vinavyovikwa pini, zikiwa zimekwisha, au pini imeganda kwa kutu, gari litabweka kwenye mashimo hata springi ikiwa mpya.

Sasa jambo ambalo lingeniokolea muda mwingi kama ningelijua mapema: kimo cha springi, yaani inavyolinyanyua gari, na ugumu wake ni vitu viwili tofauti. Springi iliyolala haijawa laini. Imepoteza upinde wake tu. Ukiiwekea mzigo uleule itashuka sentimita zilezile ilizokuwa ikishuka zamani, isipokuwa sasa inaanzia chini, kwa hiyo inafika mwisho mapema. Kinachoilainisha kweli ni kuvunjika, au kutu iliyokula unene. Na kutu hapa ina adhabu kubwa, maana ugumu wa pleti hufuata unene × unene × unene. Pleti ya milimita 8 ikiliwa ikabaki 7, imepoteza karibu theluthi moja ya ugumu wake.

Bila kujua haya, mara ya kwanza nilikubali ushauri unaotolewa kila mahali: ongeza pleti. Tukapata pleti moja fupi na nene kutoka gari kubwa zaidi, tukaipachika chini ya zile nne za asili. Gari likanyanyuka siku hiyohiyo, nikafurahi. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Zangu zilikuwa za milimita 7, ile mpya ilikuwa ya 10. Kwa kanuni ileile ya unene, pleti moja ya 10 ni ngumu karibu kama tatu za 7. Niliongeza ugumu mkubwa mno kwenye gari lililohitaji kimo tu. Likiwa tupu lilirukaruka kama mbuzi, nyuma ikawa inateleza kwenye kona za barabara ya vumbi, na abiria wakaanza kulalamikia mgongo. Baada ya miezi michache pleti ya kwanza, ile ndefu yenye macho mawili ya kushikia chasisi, ilivunjika juu kabisa ya ncha ya ile pleti nene niliyoongeza. Pale ndipo sehemu ngumu ilipoishia ghafla na sehemu laini ikaanza, hivyo mkunjo wote ukaangukia hapo. Pleti hiyo ya kwanza ndiyo inayoshika ekseli isiende mbele wala nyuma. Namshukuru Mungu nilikuwa naingia uwanjani kwangu kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Sisemi usiongeze pleti kamwe. Kama unabeba mzigo mzito kila siku, pleti ya ziada yenye unene uleule na urefu unaoingia vizuri katika ngazi ya zile nyingine, ikiwa imekunjwa kwa upinde unaofanana nazo, ni kazi halali. Kuokota pleti yoyote nene inayotosha upana ndiko ninakokukataza.

Mara ya pili nilizipeleka zikakunjwe upya. Fundi alizifungua, akazipiga baridi, bila moto, kwenye mashine ya kubonyeza, pleti moja baada ya nyingine, mpaka upinde ukarudi. Zilirudi vizuri. Hazikumaliza mwaka. Nilipokuja kuelewa sababu sikumlaumu, kwa sababu alifanya kwa ustadi alichoombwa. Springi ikitengenezwa kiwandani huchomwa hadi kuwaka, huzimwa ndani ya mafuta, kisha huchomwa tena kwa moto mdogo zaidi ili isiwe ngumu kama kioo. Wengine huipiga uso kwa mvua ya vidonge vya chuma ili isianze nyufa upesi. Mwishoni hubonyezwa kwa nguvu kuelekea upande wa mzigo, ili ikae pale ilipozoea. Ukiikunja baridi kuelekea upande mwingine unaifuta kazi hiyo ya mwisho, na chuma hukubali kurudi kilikolazwa kwa urahisi kuliko awali. Kuikunja upya hudumu pale pleti nzima inapochomwa kwenye tanuri, kuzimwa na kuchomwa tena, na pale chuma chenyewe hakina ufa wala mashimo ya kutu. Uliza swali hilo kabla ya kuacha springi zako.

Mtu akija na mtungi wa gesi akataka kuchoma sehemu moja hadi iwe nyekundu ili aikunje, funga gari uondoke. Penye wekundu chuma kinakuwa laini kama msumari au kigumu cha kukatika, kutegemea kilivyopoa, na pembeni yake kunabaki mpaka ambao utavunjika siku yoyote. Kulehemu pleti ni vivyo hivyo.

Kuna njia nyingine mbili utakazoambiwa. Shakeli ndefu hunyanyua nyuma kwa takriban nusu ya urefu ulioongeza, yaani sentimita 4 zikikupa 2, lakini inageuza ekseli kidogo na pembe ya propela shafti, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, inabadilika. Ukisikia mtetemo mpya mwendoni, sababu ndiyo hiyo. Vipande vya chuma kati ya ekseli na springi hunyanyua kwa kipimo kamili, ila springi iliyolala inabaki imelala, na ekseli inapata mkono mrefu zaidi wa kuikunja springi unapoondoka kwa nguvu. Mimi sikutumia yoyote kati ya hizo, na sijutii.

Mara ya tatu nilinunua springi mpya, pea nzima. Usibadilishe upande mmoja. Mpya na kuukuu hazitakaa sawa hata siku moja. Kazi niliifanya mwenyewe na ndugu yangu, siku nzima, na mambo yaliyotusumbua ndiyo haya ninayotaka uyajue.

Siku tatu kabla, lowesha nati zote kwa mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni. Bolti ya mbele ya springi ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa huganda ndani ya bomba la chuma la bushi na kuzunguka pamoja nalo. Yetu ilibidi tuikate kwa msumeno pande zote mbili. Wekea magurudumu ya mbele vizuizi, nyanyua gari, kisha tua chasisi juu ya stendi imara mbele ya mahali springi inaposhikia. Jeki ibaki chini ya ekseli, inaibeba tu. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua shokapu upande wa chini, na uangalie mpira wa breki: ekseli ikishuka sana itauning'inia, na ukichanika umepata kazi nyingine usiyoipanga.

Kama unafungua springi yenyewe kutoa pleti, ibane kwanza kwa klempu mbili nzito kila upande wa senta bolti, ile bolti ya katikati inayoshika pleti zote pamoja. Pleti zimekandamizwa kwa nguvu. Nati ikitoka bila klempu zinaruka, na vidole vinakuwa karibu. Unaporudisha, kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake juu ya kiti cha ekseli. Tundu hilo dogo ndilo linaloiweka ekseli sawa. Bolti hiyo ikikatika njiani ekseli husogea upande mmoja na gari linakwenda upande kama kaa, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele. Ukiona gari la mtu linatembea hivyo, mwambie.

Yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, nunua mpya. Zile za zamani zimeshavutwa, na uzi wake umechoka hata kama unang'aa. Kaza nati zote nne za kila upande kwa kukatisha msalaba, kidogokidogo, hadi mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Lakini bolti za macho na za shakeli ziache zikiwa zimeshikwa tu, hazijakazwa, mpaka gari limeshuka chini kwa magurudumu yake na limetikiswa mara kadhaa. Bushi nyingi ni za mpira uliogandishwa kwenye chuma. Ukizikaza ekseli ikining'inia, gari likishuka chini zinabaki zimesokotwa muda wote, zinachanika mapema, na zinaweza hata kukupa kipimo cha uongo cha urefu.

Baada ya hapo angalia kama gari lako lina vali ya breki ya nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo au kispringi. Vali hiyo hupima mzigo kwa kuona bodi limeshuka kiasi gani. Ukinyanyua gari bila kuirekebisha, itadhani gari halina kitu daima na itazinyima breki za nyuma nguvu hata ukiwa umepakia. Mafundi wengi huiruka.

Springi mpya haikuongezei uzito unaoruhusiwa. Ekseli, breki, beringi na matairi ni vilevile, na kibao cha uzito kilichopigiliwa kwenye gari kinabaki na namba zilezile.

Nilipima tena kwa futi kamba ileile: pande zote zilikuwa zimepanda, tofauti ya kulia na kushoto haikufika nusu sentimita. Baada ya kilomita 500 hivi nilirudi chini na spana, na nati za yu-bolti mbili zilikubali kuzunguka karibu robo ya mzunguko. Usiku huo nikaegesha mbele ya ukuta na kurudisha taa mahali pake, kwa kuwa nilikuwa nimezishusha mwanzoni nikidhani kosa ni la taa.