Swali limebisha mlango siyo

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye chanzo chake ni nani?", niliwahi kuulizwa na mwanangu akiwa darasa la sita. Nikamjibu, "Usikufuru." Jibu la uvivu lile, na leo nalipa deni.

Tomaso wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ambaye hoja ya kwamba lazima yupo Mungu aliye chanzo cha vyote husemwa kuwa yake, hakusema kila kitu kina chanzo. Katika Summa Theologiae, kitabu chake alichokianza karibu mwaka 1265 na kukiacha hakijakwisha 1273, alisema kinachobadilika hubadilishwa na kingine. Fimbo haisukumi kitu mpaka nayo isukumwe na mkono.

Mimi huona vizuri zaidi kwa mkopo. Nakuomba elfu hamsini. Huna, unakwenda kukopa kwa shemeji. Shemeji naye akakope kwa jirani, jirani kwa mwenye duka. Refusha mlolongo utakavyo, hata usiwe na mwisho: ikiwa kila aliyemo ni mkopaji, sitaona hata senti. Siku noti zikinifikia mkononi, ujue yupo aliyekuwa nazo zake mwenyewe. Kumwuliza huyo amekopa kwa nani ni kutosikiliza hadithi, na ndivyo ilivyo kuuliza chanzo cha Mungu. (Mfano unachechemea, najua, hata tajiri alilipwa na mtu.)

Wengi hudhani Tomaso anazungumzia siku ya kwanza ya dunia. Sivyo. Alikiri wazi kwamba kwa akili peke yake huwezi kuthibitisha ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo alilishika kwa imani. Yeye anauliza habari za sasa hivi: vitu hivi visivyojitegemea vinapata wapi kuwepo, dakika hii ninapoandika? Kwa hiyo nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang), inayoeleza ulimwengu ulivyoanza, haimwongezei kitu wala haimpunguzii.

Hoja nyingine, ya Anselm, mwanateolojia aliyemtangulia Tomaso, kwamba aliye mkuu kuliko yote yanayofikirika lazima awepo, hainiingii. Tomaso naye aliikataa.

Ila tusijidanganye kuwa hapo tumemfikia Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Tomaso mwenyewe aliandika kwamba Utatu haufikiwi kwa akili bila ufunuo.

Mwezi uliopita nilimweleza mwanangu haya yote, sasa ni mtu mzima. Akacheka. "Sawa, baba. Sasa huyo mwenye pesa, asiye na shida na mtu, kwa nini atukopeshe?"

Nimemwomba anipe muda.

Msomaji wenu, Morogoro