Rodamini inaonekana, atrazini haionekani

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma uzamili wa kemia. Nimetengeneza unga wa oksidi ya tungsteni, W18O49, nipimie vichafuzi vya maji kwa spektroskopia ya Raman, yaani kuitambua molekuli kwa mistari ya mwanga wa leza inaoutawanya. Chini ya leza ya nanomita 532, rodamini 6G inatoa mistari mizuri. Nikiweka atrazini, ile dawa ya magugu, sioni kitu. Je, unga wangu umeharibika?

JIBU: Huenda ni mzima. Utazame tu kwa macho: ukiwa bado na bluu iliyokolea, mapengo ya oksijeni (nafasi zilizokosa atomi za oksijeni) unayoyategemea yapo. Ukipauka kuelekea njano, oksijeni imeshayaziba.

Aliyekupumbaza ni rodamini. Ni rangi inayofyonza mwanga karibu kabisa na nanomita 532, hivyo leza peke yake inaikuzia mistari kabla oksidi haijaongeza chochote. Tena ina chaji chanya, na uso wa oksidi ya tungsteni majini una chaji hasi; vinang'ang'aniana. Hata watafiti wa China walioripoti mwaka 2015 kwamba W18O49 hukuza ishara ya Raman mara 340,000 walitumia rodamini hiyohiyo, wakashuka hadi mkolezo wa mola 10⁻⁷ kwa lita, yaani kama mikrogramu 48.

Atrazini haina rangi, na katika maji ya kawaida haina chaji, kwa hiyo haishiki vizuri. Metali ya fedha isingejali sana: yenyewe hukuza uga wa mwanga, na molekuli yoyote iliyo jirani hufaidi. Nusu-kipitishi kama oksidi yako hukopeshana elektroni na molekuli, na ngazi za nishati zisipolingana na leza yako, mkopo hautoki.

Pima kwanza atrazini kavu ujue mistari yake iko wapi. Kisha pandikiza chembe za nano za fedha juu ya oksidi, ujaribu tena. Tone likikauka, usipime katikati pekee. Mimi nilipoteza wiki nzima nikilenga leza hapo, kumbe molekuli zilikuwa zimejikusanya ukingoni, kwenye kipete kama alama ya kikombe cha chai mezani. Ila kwenye ripoti toa wastani wa nukta nyingi, za ukingoni na za ndani. Ukichagua zile zinazong'aa tu, msimamizi wako atakuuliza.

Halafu dondosha rodamini ileile kwenye kioo kitupu. Mistari ikitokea na hapo, iondoe kwenye hesabu ya oksidi.