Umemaliza chuo cha tiba ya usemi au usikivu? Usichelewe kuingia chamani

Wadogo zangu mnaotoka vyuoni, iwe mmesomea tiba ya usemi na lugha au mmesomea usikivu, kila mwaka mnaniuliza swali lile lile: nijiunge na chama cha taaluma sasa hivi, au nisubiri kwanza nipate kazi ndipo nilipe ada? Jiunge sasa. Ila ujue unaingia kutafuta nini, maana wapo wanaolipa mwaka wa kwanza, wakapewa cheti, wakakitundika ukutani, na mwaka wa pili huwaoni tena.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja. Chama hakikupi ruhusa ya kutibu. Ruhusa hiyo inatoka kwa mamlaka inayosajili wataalamu katika nchi unayofanyia kazi. Uingereza huwezi kujiita mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha bila kusajiliwa na HCPC, hata kama ni mwanachama wa RCSLT, chama kilichoanza mwaka 1945. Afrika Kusini usajili uko HPCSA, chama ni SASLHA. Marekani ndiko watu huchanganyikiwa zaidi: leseni inatolewa na jimbo, na ASHA, chama kilichoanzishwa mwaka 1925 ambacho leo kina watu zaidi ya 200,000, kinatoa cheti chake cha umahiri. Hata hicho cheti na uanachama ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na kimoja asiwe na kingine. Kwa hiyo mwajiri akikuomba usajili, usimpelekee kadi ya chama. Shughulikia vyote viwili, usajili ukitangulia.

Sasa, kama chama hakitoi ruhusa, cha nini? Kwetu Afrika Mashariki jibu ni rahisi: tuko wachache mno. Shahada ya tiba ya usemi na lugha pale Makerere ilianza mwaka 2008 tu. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu vya ndani ya sikio mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Ukipangiwa hospitali ya mkoa, kuna uwezekano mkubwa wewe ndiye wa kwanza wa fani yako kukanyaga pale. Daktari hajui akuletee nani, muuguzi hajui unafanya nini, na wewe huna wa kumuuliza, “Hivi na wewe umesikia nilichosikia mimi?”

Chukua mgonjwa ambaye utakutana naye mapema kuliko unavyodhani. Mama anakuja na mtoto wa miaka 3 asiyesema. Mtaani wameshamwambia ni udata, yaani ulimi umeshikwa na utando chini yake, utando ukatwe atasema. Pengine wameshaukata. Unamwangalia mtoto: ulimi anautoa vizuri hadi nje ya midomo, anaramba mdomo wa juu bila shida. Unamwita kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, hageuki. Mlango unabamizwa, anageuka. Hapo kazi si ya ulimi tena, na udata hata ungekuwepo usingemfanya mtoto akose maneno kabisa. Unahitaji mtaalamu wa usikivu, tena mwenye kifaa cha kumpima mtoto mdogo asiyeweza kukujibu. Barua ya rufaa utaiandika, lakini barua haikwambii ni kliniki ipi mashine yake inafanya kazi wiki hii. Hilo utaambiwa na mwanachama mwenzako. Unapomuuliza kwa ujumbe, unaandika umri, ulichokiona, ulichokijaribu. Jina la mtoto huandiki, wala picha ya uso wake huweki. Ndiyo maana nawasihi watu wa usemi na watu wa usikivu mjuane tangu siku za mwanzo. Mtoto akishapandikiziwa kifaa, mmoja wenu anakirekebisha, mwingine anamfundisha kusikiliza na kusema kwa miaka. Msipoongea ninyi wawili, mzazi ndiye atakayebeba ujumbe huku na huku, na utafika nusu.

Jambo la pili ni vipimo. Chuoni mmefundishwa kwa vipimo vya Kiingereza, na kishawishi cha kuvitafsiri ni kikubwa. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto wa Kiingereza akipimwa wingi wa nomino, anasikilizwa mwisho wa neno. Mtoto wetu anabadilisha mwanzo, kisha mabadiliko yanatembea sentensi nzima: kiti changu kimevunjika, viti vyangu vimevunjika. Kipimo kilichotafsiriwa hakilioni hilo, na mtoto mzima kabisa anaweza kuondoka na jina la ugonjwa. Kazi nzuri zipo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa Tanzania wa umri wa chekechea. Mwaka huo huo zikachapishwa orodha za maneno zilizoandaliwa Kilifi kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mzazi asiyejua kusoma anahojiwa kwa mdomo. Kazi kama hizi hazikufikii mkoani kwa bahati. Zinapita kwa wenzako, na anayekupa anakwambia pia wapi panahitaji uangalifu.

Warsha ndizo ninazozipenda kuliko yote. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa akinywa maji ameandikiwa kinywaji kizito, na jikoni wanamletea uji. Uzito gani? IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, wana ngazi 0 hadi 7, na vinywaji vinapimwa kwa bomba la sindano: jaza ml 10, achia kwa sekunde 10, soma kilichobaki. Kikibaki kati ya ml 4 na 8 ni ngazi ya 2. Kikizidi 8 lakini kidogo kimepita, ni ya 3. Lakini mabomba hayafanani: umbali wa kutoka 0 hadi 10 unatakiwa uwe milimita 61.5, kwa hiyo beba rula. Na uji ule ule ukipoa unakuwa mzito zaidi, basi upime ukiwa katika joto atakalonywea mgonjwa. Mambo haya unayashika ukiwa umesimama mezani na wenzako, kila mtu na bomba lake.

Mnaouliza ASHA au cha hapa nyumbani: anza na cha hapa. Watu wa usemi mna ASLTEA, inayounganisha wenzetu wa Afrika Mashariki. Cha ng'ambo kifuate ukishajua unataka nini kwao, labda majarida au mafunzo. Usijiunge ukidhani kitakufungulia kazi Ulaya. Makubaliano ya mwaka 2008 ya kutambuana sifa yalihusu vyama 6, vya Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, na yalikuwa ya watu wa usemi peke yao.

Kuhusu ada, uliza kiwango cha wanafunzi kabla hujahitimu. Kisha mwandikie katibu umwambie uko wilaya gani, unaongea lugha zipi na wagonjwa, na tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, unaweza kusaidia kupima masikio shule gani iliyo karibu nawe.