Kuongezewa mfupa kabla ya kupandikizwa jino: ni lazima?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Niling'olewa gego la juu upande wa kulia miaka saba iliyopita, pengo likabaki hivyohivyo. Sasa nataka kupandikizwa jino. Daktari wangu wa meno amepiga picha, anasema mfupa uliobaki ni milimita 4 tu kwa sababu sainasi imeshuka, kwa hiyo aniongezee mfupa kwanza, tusubiri kama miezi sita, ndipo aweke kipandikizi. Kaka yangu aling'olewa jino akawekewa kipandikizi siku hiyohiyo. Je, mimi naongezewa mfupa au naongezewa gharama? Na huo mfupa wenyewe unatoka wapi? Nameza pia kidonge cha mifupa mara moja kwa wiki, sijui kama kinahusika.

JIBU: Dada, kama kipimo hicho ni sahihi, unaongezewa mfupa. Na kidonge kinahusika sana, nitakifikia.

Mfupa unaoshika meno unaishi kwa sababu ya meno. Jino likishatoka, mwili unauona hauna kazi na kuanza kuupunguza. Upungufu mkubwa hutokea ndani ya mwaka wa kwanza, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na ukuta wa upande wa shavu ndio unaotangulia kwa kuwa ndio mwembamba. Magego ya juu yana balaa la ziada: juu yake kuna sainasi, uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, ambao nao hutanuka kuelekea chini pengo likikaa muda mrefu. Kwa hiyo kwako mfupa umeliwa kutoka chini na kutoka juu.

Sasa linganisha na kinachotaka kuwekwa. Kipandikizi ni skrubu ya titani, kwa kawaida kipenyo chake ni kama milimita 4 na urefu wake milimita 8 hadi 12. Hakigandishwi kwa gundi. Mfupa wenyewe ndio unaokishika. Jambo hilo lilibainishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi miaka ya 1950, alipokuta vifaa vya titani alivyoweka kwenye mifupa ya sungura vimeshikwa kiasi cha kutong'oka. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza. Sharti lake halijabadilika hadi leo: kipandikizi kitulie. Kikichezacheza wiki za mwanzo, kinachoota kukizunguka ni nyuzinyuzi za nyama, si mfupa, na hapo kazi imeharibika.

Kimo, yaani ile milimita 4 yako, si kila kitu. Upana nao lazima utoshe, yaani milimita 6 au 7 kwa kipandikizi cha milimita 4, ili kila upande ubaki na ukuta wenye uhai. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu fizi inaweza kuonekana nene na nzuri, ukiifungua unakuta ukingo wa mfupa kama makali ya kisu. Picha bapa ya eksirei haionyeshi upana hata kidogo, na kimo inaweza kukikuza. Kama hiyo milimita 4 ilipimwa kwenye picha bapa, omba skani ya CT ya taya, ile inayoonyesha mfupa kwa vipande kutoka kila upande, kisha mwambie daktari akuonyeshe kwenye skrini mstari aliopima. Asikasirike, ni haki yako, na daktari anayejiamini huwa anafurahi kuonyesha.

Kuinua sakafu ya sainasi kuna njia mbili. Kama mfupa uliobaki ni milimita 5 au zaidi, mara nyingi tunapitia kwenye tundu lilelile la kipandikizi na kuisukuma sakafu juu taratibu kutoka chini. Ukipungua hapo, tunafungua kidirisha kidogo pembeni, juu ya fizi. Yote hufanyika kwa ganzi. Kidirisha kikishafunguka unauona utando wa ndani ya sainasi, mwembamba kuliko milimita 1, wa rangi ya kijivu inayoelekea buluu, ukipanda na kushuka mgonjwa anapovuta pumzi. Kazi nzima ni kuubandua utando huo kutoka kwenye mfupa bila kuuchana, kisha kujaza chembechembe za mfupa katika nafasi iliyopatikana chini yake. Ukichanika kidogo, hufunikwa kwa utando wa kolajeni, protini inayotokana na wanyama, na kazi ikaendelea. Ukichanika vibaya, daktari mwenye busara hufunga akakwambia urudi baada ya miezi kadhaa, na usimlaumu kwa hilo.

Wapo wanaoweka kipandikizi siku hiyohiyo hata kwa milimita 4, ikiwa mfupa huo mdogo ni mgumu na umekikamata vizuri. Mimi huamua nikiwa tayari nimeshika mashine, si kwenye picha, na mfupa wa nyuma juu mara nyingi ni laini. Daktari wako kuchagua kusubiri ni uamuzi wa tahadhari, wala si ujanja.

Kuhusu unakotoka: unaweza kuwa wako mwenyewe, uliochukuliwa kidevuni au nyuma ya taya la chini, wa binadamu aliyejitolea, uliosafishwa na kuuliwa vijidudu, wa ng'ombe, uliotolewa kila kitu ukabaki madini tu, au wa kutengenezwa maabara. Wako ndio wenye seli hai, lakini unakupa kidonda cha pili na hupungua haraka zaidi. Kwa sainasi mimi naupenda wa ng'ombe kwa kuwa huyeyuka polepole sana na kimo hakishuki. Kama una mipaka ya kidini au ya moyo wako, uliza kabla ya siku ya upasuaji na utake kuona pakiti, kwa sababu kolajeni ya utando nayo huwa ya ng'ombe au ya nguruwe.

Ila usidhani unawekewa mfupa uliokamilika. Zile chembechembe ni jukwaa tu. Mishipa ya damu inapaswa kupenya katikati yake, ndipo seli zako zijenge mfupa mpya juu yake. Hakuna dawa ya kuharakisha hilo ninayoweza kukuapia. Sainasi huchukua miezi sita hadi tisa, na anayekuahidi wiki sita kwa milimita 4 ndiye wa kumtilia shaka.

Haya, kidonge. Cha mara moja kwa wiki huenda ni alendronati, dawa inayopunguza kasi ya mwili kubomoa mfupa. Shida ni kwamba mfupa hupona kwa kubomoa na kujenga, na taya likishachokonolewa, kwa wachache mfupa hugoma kupona, hubaki wazi na kufa. Kwa wanaomeza vidonge hatari hiyo ni ndogo, lakini huongezeka kadiri miaka inavyokwenda, hasa ikipita minne, au kama unatumia na dawa za steroidi. Kwa wanaochomwa sindano za asidi ya zoledroniki, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa ajili ya saratani, mimi siwapandikizi. Wewe mwambie daktari wako jina la dawa na mwaka ulioanza. Usiiache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na atakayekupasua wazungumze. Kama kumbe unachomwa denosumabu, dawa nyingine ya mifupa, kuchelewesha sindano tu kunaweza kukuletea mivunjiko ya uti wa mgongo.

Sigara, kisukari kisichodhibitiwa na fizi zinazotoa damu huharibu kazi hii kuliko aina yoyote ya chembechembe. Vishughulikiwe hivyo kwanza.

Kaka yako? Tundu la jino lake lilikuwa bichi, na yaelekea kuta zake zote zilikuwepo, bila usaha. Na huenda naye aliwekewa chembechembe kidogo kujaza nafasi kati ya skrubu na ukuta, ila hakuambiwa.

Kuna jambo hukuuliza. Kama lililotoka ni gego la pili, na unatafuna bila taabu, mimi ningekushauri uliache pengo, mradi jino la chini lililokabili pengo halijaanza kupanda. Kama ni la kwanza na majirani zake tayari yana viraka vikubwa, daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, linaweza kukufaa bila kugusa sainasi.

Ukiamua kuendelea, wiki mbili za mwanzo usipenge kamasi, piga chafya mdomo wazi, usinyonye kwa mrija. Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka. Chembe mbili tatu za mfupa uliowekewa ukizikuta mdomoni au puani si msiba. Ukitokwa na uchafu wenye harufu upande mmoja wa pua, au uvimbe ukarudi baada ya kushuka, nenda siku hiyohiyo.