Swali: Programu gani ya bure itaandika Kiswahili papo hapo ukumbini?

SWALI

Fundi, salamu kutoka Makorora, Tanga. Kila mwezi tunafanya kongamano ukumbini, na kati ya wanaohudhuria wapo ndugu zetu viziwi. Tunataka maneno ya mzungumzaji yatokee kwenye projekta wakati huo huo anaposema, kwa Kiswahili. Tuna mikisa ya chaneli 12 na laptopu ya Core i5 yenye RAM ya GB 8, haina kadi ya grafiki. Uandishi wa sauti wa Google Docs tumeujaribu, lakini intaneti ikiyumba na wenyewe unakata. Tukapakua Whisper: inaandika Kiingereza cha ajabu ajabu, na mara nyingine inaandika sentensi wakati hakuna anayesema. Je, ipo programu ya bure itakayotufaa?

JIBU

Ipo, tena mnayo tayari. Ni hiyo hiyo Whisper, msiifute. Mmekwama mahali patatu: modeli (faili lenye ujuzi wa lugha ambalo programu inalitumia) mliyochagua, namna sauti inavyokatwa vipande kabla ya kuingia, na waya unaotoka kwenye mikisa. La waya ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wanaloliangalia mwisho.

Kwanza niziondoe nyingine njiani. DeepSpeech ya Mozilla bado inatajwa kwenye makala za zamani, lakini wenyewe waliacha kuiendeleza, msipoteze bando. Kaldi ni imara, ila inataka mtengeneze modeli yenu pamoja na kamusi ya matamshi, kazi ya miezi. Vosk ni nyepesi na inatoa neno moja moja kadiri mtu anavyosema, jambo ambalo Whisper haiwezi. Kabla ya kuipakua, fungueni orodha ya modeli zake mtafute Kiswahili kwa jina. Msipokikuta iacheni, kwa sababu modeli ya Kiingereza ikilishwa Kiswahili italazimisha kila neno liwe la Kiingereza. MMS ya Meta, ya mwaka 2023, inajua lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo, lakini leseni yake hairuhusu matumizi ya biashara. Redio inayouza matangazo isiiguse. Whisper ina leseni ya MIT, ambayo inaruhusu hata biashara.

Sasa hicho Kiingereza cha ajabu. Whisper ina modeli za saizi mbalimbali, na baadhi majina yake yanaishia na `.en`. Hizo zinajua Kiingereza peke yake. Mkiipa sauti ya mzee wa Pangani, itatafuta maneno ya Kiingereza yanayofanana na anayosema. Tena whisper.cpp, toleo jepesi linalofaa kompyuta isiyo na kadi ya grafiki, usipoitajia lugha huchukulia kwamba ni Kiingereza. Kwa hiyo pakueni modeli isiyo na `.en`, na kila mara andikeni `-l sw`. Msiweke ijitambulie lugha yenyewe: mzungumzaji akichanganya "meeting" na "bajeti" katika sentensi moja, kipande kimoja kitaandikwa Kiswahili na kinachofuata Kiingereza.

Kuhusu saizi, kwa Kiswahili `tiny` na `base` hazifai, hata kwa majaribio; zitawakatisha tamaa bure. Whisper ilipotoka Septemba 2022 ilikuwa imefundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na kati ya hizo saa 117,000 tu ndizo ziligawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza. Fungu la Kiswahili ni dogo, na modeli ndogo ndizo zinazoumia zaidi. Kwa laptopu yenu anzeni na `small` iliyobanwa, faili la MB 180 hivi:

`sh ./models/download-ggml-model.sh small-q5_1`

Ikishakwenda vizuri, tafuteni kwenye tovuti ya Hugging Face modeli ya Whisper small iliyoongezewa mafunzo kwa sauti za Kiswahili za Common Voice, mkusanyo wa sauti wa Mozilla, muigeuze kwa `convert-h5-to-ggml.py` iliyomo kwenye folda ya models. Faida mtakayoipata hapo, kwa mashine kama hiyo, ni kubwa kuliko ya kuhamia `medium` ambayo itaizidi nguvu. Na jina la `turbo` lisiwavutie. Kilichopunguzwa kwenye turbo ni sehemu ya kuandika, kutoka tabaka 32 hadi 4. Sehemu ya kusikiliza imebaki kubwa kama ya `large`. Kwa vipande vifupi vya sauti ya moja kwa moja, kusikiliza ndiko kunakokula prosesa.

Hapo ndipo tunafika kwenye ukataji. Whisper haisikilizi kama mtu. Inachukua kipande, inakijaza ukimya mpaka kifike sekunde 30, ndipo inakichakata chote. Maana yake kipande cha sekunde 2 kina gharama sawa na cha sekunde 30 katika kusikiliza. Mtu akiona maneno yanachelewa, kwa kawaida hukimbilia kukata vipande vifupi zaidi ili "iende haraka", na laptopu ndiyo inazama kabisa: feni inalia, maneno yanachelewa dakika nzima.

Pimeni kwanza. Amri hizi ni za Linux, mkiwa ndani ya folda ya whisper.cpp iliyokwisha kujengwa kwa amri ya `cmake` iliyo chini. Rekodini sekunde 10 kutoka kwenye mikisa, kisha mziandike:

`arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 16000 -c 1 -d 10 jaribio.wav`

`./build/bin/whisper-cli -m models/ggml-small-q5_1.bin -l sw -t 4 -f jaribio.wav`

Namba ya 1 baada ya `plughw` ni ya kadi ya sauti. `arecord -l` itawapa yenu. Tumieni `plughw`, si `hw`, kwa kuwa kadi nyingi za USB haziwezi kurekodi moja kwa moja kwa hezi 16,000 ambazo Whisper inazitaka, na `plughw` inawabadilishia. Wenye Windows wapakue zip iliyokwisha kutengenezwa na warekodi kwa Audacity.

Mwishoni mwa matokeo kuna mstari wa `encode time`. Huo ndio ushuru mtakaolipa kila kipande. Ukiwa sekunde 3, basi msikate kila sekunde 2, hesabu haitafungana. Kateni kila sekunde 5. Ukitaka kuupunguza, ongezeni `-ac 768`, ambayo inafupisha dirisha kutoka sekunde 30 hadi kama 15. Usahihi unashuka kidogo. Kwa vipande visivyozidi sekunde 10 inavumilika. Namba ya `-t` iwe idadi ya koa (cores) halisi za prosesa: laptopu nyingi za Core i5 za kabla ya kizazi cha 8 zina koa 2 tu, ingawa mfumo unaonyesha 4. Na laptopu iwe kwenye chaji, mpangilio wa umeme uwe wa nguvu kamili, chini yake muweke vibao viwili ipitishe hewa. Joto la Tanga la mwezi wa Februari linatosha kuifanya prosesa ijipunguze kasi katikati ya hotuba.

Kuona ikifanya kazi moja kwa moja:

`sudo apt install libsdl2-dev`

`cmake -B build -DWHISPER_SDL2=ON && cmake --build build --config Release`

`./build/bin/whisper-stream -m models/ggml-small-q5_1.bin -l sw -t 4 --step 5000 --length 10000 -ac 768 -c 1`

Ikianza inaorodhesha vifaa vya kurekodi. `-c` ni namba ya kifaa chenu. Mfano huu ni wa kujaribia tu. Kwa skrini ya ukumbini wekeni OBS, programu ya bure ya kurekodi na kurusha video, halafu nyongeza yake iitwayo LocalVocal, ya bure, inayotumia whisper.cpp ndani yake. Kwenye OBS ongezeni chanzo cha sauti, bofyeni kwa kitufe cha kulia, ingieni Filters, ongezeni LocalVocal, chagueni modeli na Kiswahili, kisha matokeo yaelekezeni kwenye chanzo cha maandishi. Intaneti itahitajika siku ya kupakua modeli tu. Inaruhusu pia kubadilisha maneno: mkiona kila mara "Muheza" inatoka "Mheza" au jina la mgeni wenu linaharibika, sajilini marekebisho mapema.

LocalVocal ina kitambua sauti ya mtu, na kiwashwe wakati wote. Hiyo ndiyo dawa ya sentensi zinazojiandika. Whisper ilijifunza kutoka sauti na manukuu ya mtandaoni, hivyo ikipewa ukimya au mvumo wa feni hubuni kile ambacho manukuu huandikwa mahali kama hapo: shukrani kwa watazamaji, au neno moja linalorudiwa mara ishirini. Ikikosa sauti ya mtu, isipewe kitu.

Sasa waya, na hapa naomba msome polepole.

Msichukue sauti kwa maiki ya laptopu mezani. Ukumbi wa kuta za saruji na bati unarudisha sauti kutoka kila upande. Masikio ya mtu yanachuja, Whisper haichuji. Chukueni kwenye AUX ya mikisa (njia ya pembeni ya kutolea sauti), iliyowekwa iwe kabla ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), ili anayepandisha na kushusha spika za ukumbi asiwavurugie. Fungueni AUX kwa maiki za kuongelea tu. Chaneli ya muziki iwe sifuri, na kitufe cha mwangwi kisiguse njia hiyo kabisa. Mafundi wetu wa sauti wanapenda mwangwi, na kwenye kasida unapendeza. Kwenye manukuu kila silabi inajirudia juu ya inayofuata na modeli inapotea.

Kutoka AUX, nendeni kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini la 6.35 mm. Msichomeke kwenye tundu la hedifoni la laptopu. Mikisa inatoa sauti kwa kiwango cha laini, hadi volti 1 na zaidi. Tundu lile linasubiri milivolti za maiki. Sauti itakwaruza hata mkishusha vipi ndani ya kompyuta, kwa kuwa inaharibika mlangoni.

Kosa moja ni la siri, na linatesa watu siku nzima. AUX nyingi ni za waya tatu: moja ina sauti, ya pili ina sauti ile ile iliyogeuzwa kichwa chini, ya tatu ni ardhi. Mkitumia kebo yenye pini ya pete mbili nyeusi, mkaichomeka kwenye kadi ya bei nafuu yenye ingizo la stereo, sauti itaingia kushoto na ile iliyogeuzwa itaingia kulia. Mkivaa hedifoni mnaisikia vizuri kabisa. Whisper, kwa kuwa inataka chaneli moja, inajumlisha kushoto na kulia. Zinafutana, inabaki karibu ukimya. Ndipo mtu anasema "programu haifanyi kazi". Dawa ni kebo ya pini yenye pete moja tu, au kadi yenye ingizo la waya tatu halisi.

Mkisikia mvumo mzito usiokatika, chomoeni chaja ya laptopu kwa muda. Ukinyamaza, ni mzunguko wa ardhi: mikisa na laptopu ziwe kwenye ekstensheni moja, na usipokwisha nunueni kitenganishi cha sauti cha transfoma. Msikate pini ya ardhi ya plagi, kwani inalinda uhai wa anayeshika maiki.

Kiwango: mzungumzaji akiongea kwa nguvu, mita ya OBS ifike karibu −12, isiguse 0. Maiki iwe ngumi moja kutoka mdomoni. Mwambieni kila mzungumzaji kabla hajapanda, na mtu mmoja asimame kando kumkumbusha, kwa sababu baada ya dakika tano mkono unashuka hadi kifuani.

Tarajieni maneno yafuate baada ya sekunde 5 hadi 10, na makosa yawepo, hasa kwenye namba, majina, na matamshi ya wenyeji wa pwani wanaoongea Kimtang'ata. Kipimo cha dawa au kiasi cha fedha mzungumzaji akitaje mara mbili, na mtu awe tayari kukiandika mwenyewe kwenye slaidi. Manukuu haya hayachukui nafasi ya mkalimani wa lugha ya alama; kwa viziwi wengi hiyo ndiyo lugha ya kwanza, Kiswahili cha kusoma ni cha pili. CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) ndio wa kuulizwa kuhusu wakalimani. Simu ya Android yenye Live Transcribe mkononi mwa mmoja wao ni akiba nzuri siku intaneti ikiwepo.

Na kwenye mawaidha, aya ya Qur'ani inaposomwa, zimeni manukuu. Modeli iliyoambiwa `sw` itaandika Kiarabu kama Kiswahili kilichovurugika, na hilo lisionekane kwenye skrini mbele ya watu. Mwombeni mzungumzaji orodha ya aya kabla, muziandae na tafsiri yake kwenye slaidi, aliye kwenye kompyuta abadilishe sini (mandhari ya skrini) ya OBS kwa kitufe kimoja.

Wakati wote huo OBS irekodi pia. Usiku, laptopu ikiwa haina kazi, ipeni rekodi hiyo kwa modeli ya `medium`. Itachukua saa kadhaa, lakini asubuhi mtakuwa na maandishi safi zaidi ya kusahihisha na kuwagawia waliokuwepo.